Mbwa Chotara Dhidi ya Ngiri na Nguruwe Mwitu: Dalili, Sababu na la Kufanya

Wanaofuga mbwa chotara pembezoni mwa Nairobi, kuanzia Karen na Lang'ata hadi Ongata Rongai na Kitengela, hulalamikia mambo yaleyale. Mbwa habweki. Mbwa anabweka mno. Mbwa amepasuliwa ubavu na ngiri. Mbwa ameingia msituni na hajarudi. Na karibu kila mara lawama hutupiwa damu: "Huyu ni chotara tu, mamake alikuwa wa kienyeji." Mimi naiweka damu mwisho kabisa katika orodha ya sababu. Makosa mengi yako kwenye saa za kumfungulia mbwa, kupe, chakula na ua, na yote hayo hurekebishika bila kununua mbwa mwingine.

Tafuta dalili unayoiona, kisha fuata sababu kwa mpangilio uliowekwa. Zinazotangulia ndizo za kawaida zaidi, na kuzikagua hakugharimu kitu. Penye onyo la kusimama, simama kweli.

Kwanza, kazi yenyewe ina mpaka

Wengi wameona video za Texas ambako mbwa chotara huwinda nguruwe pori, wakadhani na sisi tunaweza kufanya hivyo. Nguruwe wa Marekani si wanyama wa asili ya huko. Wengi ni uzao wa nguruwe wa kufugwa walioletwa na Wahispania katika karne ya 16, wakachanganyika baadaye na nguruwe pori wa Ulaya. Huko huhesabiwa kuwa waharibifu na kuwawinda ni halali. Wawindaji wake hugawa mbwa makundi mawili. Wapo wa kubwekea, kama Catahoula na Black Mouth Cur, ambao humzunguka nguruwe, humzuia asiondoke na kubweka bila kumgusa. Wapo na wa kukamata, mara nyingi wenye damu ya American Bulldog, wanaomng'ang'ania sikio hadi mwindaji afike.

Ngiri na nguruwe mwitu wetu ni wanyamapori wanaolindwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ikaendeleza katazo hilo. Kwa hiyo mbwa wako hana kazi ya kuua. Kazi yake ni kubweka ndani ya ua mpaka mnyama aone shamba hilo halimfai. Ukilishika hilo, nusu ya majeraha nitakayoyataja hapa hayatatokea, kwa sababu tabia unayoitaka ni ile ya mbwa wa kubwekea: anakaa mbali na pembe na kupiga kelele.

Dalili: mbwa yupo, lakini viazi vitamu vinaliwa

Angalia saa. Hili ndilo kosa linaloongoza, na halihusiani na ujasiri wa mbwa. Mazoea ya Nairobi ni kumfungia mbwa kibandani mchana kutwa na kumfungulia usiku, kwa hofu ya wezi. Lakini ngiri hutembea mchana. Usiku hulala shimoni, mara nyingi shimo lililochimbwa na muhanga, na huingia kinyumenyume ili pembe zibaki zimeelekea mlangoni. Nguruwe mwitu wa msituni ndiye anayetoka usiku. Kama mharibifu wako ni ngiri na mbwa amefungiwa kuanzia asubuhi hadi magharibi, basi umemwajiri mlinzi wa zamu isiyo na mgeni.

Mharibifu utamjuaje? Ngiri hupiga magoti ya mbele anapokula, kwa hiyo utaona mikwaruzo ya magoti kwenye udongo laini na nyasi zilizong'olewa. Nguruwe mwitu hupindua udongo kwa pua, hulala juu ya mahindi na kuyaangusha, na huja kwa kundi, hivyo asubuhi utakuta kona nzima imevurugwa. Kama muhogo au viazi vimechimbwa kwa usafi, vikatafunwa na kuachwa alama za meno mawili mapana, huyo ni nungunungu. Watu wengi huwasingizia nguruwe kazi yake.

Kama saa ni sahihi na bado mbwa habweki, angalia chakula. Mbwa aliyeshindiliwa ugali sufuria nzima saa kumi na mbili jioni atalala fofofo. Gawa chakula mara mbili, kingi kiwe baada ya zamu yake. Halafu angalia mnyororo. Mbwa aliyekulia kwenye mnyororo wa mita mbili anajua eneo la mita mbili tu, na hawezi kulinda ekari asiyoijua. Mfunge kamba ndefu, mtembeze kuzunguka ua wote asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa, msimame pale nguruwe wanapoingilia, umwache anuse kwa muda mrefu. Umande wa alfajiri hushika harufu vizuri kuliko vumbi la saa saba mchana, hivyo anza mapema.

Afya hufuata. Mbwa asiyejali kitu chochote, hata chakula, si mvivu. Nenda kwenye dalili ya kuchoka hapa chini.

Damu ndiyo ya mwisho, na inapokuwa sababu, kosa huwa la kuchagua mtoto wa mbwa kwa sura. Ukipandisha German Shepherd na mbwa wa kienyeji, watoto wa uzao huo wa kwanza hufanana kiasi. Ukipandisha chotara kwa chotara, watoto wa uzao mmoja wanaweza kutofautiana sana: mmoja ana masikio na ukali wa babu, mwingine ana woga wa bibi. Kwa hiyo neno "chotara" pekee halikuambii chochote kuhusu mbwa aliye mbele yako. Waangalie wazazi wote wawili wakiwa kazini, kisha umchague mtoto anayekuja kuangalia ufunguo ulioangusha, si yule anayekimbilia chini ya kitanda.

Dalili: anawafukuza mpaka nje na harudi

Sababu ya kwanza ni ua ulio na tundu. Pita chini, si juu. Ngiri huingia kwa kuchimba chini ya wavu, na tundu lake hilohilo ndilo mbwa anatokea. Ziba kwa mawe yaliyozikwa, au zika wavu wenyewe angalau futi moja ardhini.

Ya pili ni kwamba mbwa hajui kuitwa. Fundisha filimbi moja tu, ipulizwe kila mara kabla ya chakula kitamu, tangu akiwa mdogo. Usimpige akirudi amechelewa. Yeye ataelewa kwamba kurudi ndiko kulikomletea kipigo, na safari ijayo atakaa huko.

Ya tatu ni dume lisilohasiwa lenye jike la joto jirani. Wenyewe husema amefuata ngiri, kumbe ana safari nyingine. Kuhasi husaidia kwa uzururaji wa namna hiyo, lakini hakumfanyi mbwa aache kulinda, jambo ambalo watu huliogopa bure.

Ya nne ndiyo nzito: mbwa wawili au watatu wakijikuta pamoja hufanya kundi, na kundi hufuata mbio kwa ajili ya mbio. Fungulia mmoja mmoja mpaka kila mmoja awe ameishika filimbi.

Simama hapa. Kama mpaka wako unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, au msitu wa Ngong Road, au Ololua, mbwa asiyerudi kwa filimbi asifunguliwe kabisa bila kamba. Mbali na sheria, kuna ugonjwa. Mwaka 1994 virusi vya distempa, ugonjwa wa kuambukiza wa mbwa, viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya kandokando ndio waliotajwa kuwa chanzo. Simba wa hifadhi yetu ni wachache zaidi, nao wanaishi umbali wa kutupa jiwe kutoka vibanda vya mbwa wetu. Chanjo ya distempa ni sehemu ya kulinda shamba, kama ua ulivyo.

Dalili: anauma badala ya kubweka

Watu hujivunia mbwa wa namna hii mpaka siku anapopasuliwa. Dume la ngiri linaweza kuzidi kilo 100, na nguruwe mwitu mkubwa hukaribia hapo. Pembe za juu za ngiri ndizo zinazoonekana na kutisha, lakini za chini, zile fupi, ndizo zenye makali, kwa sababu husuguana na za juu kila mdomo unapofungwa.

Sababu ya kwanza ni kuchochewa na wenye nyumba. Vijana hupiga kelele za "shika, shika", mbwa akasikia kwamba anatakiwa kushika. Acha hizo kelele leo. Sababu ya pili ni mnyama kukosa njia ya kutokea: ngiri aliyebanwa kwenye kona ya ukuta atapigana, na mbwa naye hatakuwa na hiari. Acha lango moja wazi upande anakotokea mnyama, umwite mbwa arudi nyuma, umpe ngiri nafasi aondoke. Sababu ya tatu ni mchanganyiko wenyewe. Chotara wa Boerboel, Rottweiler au pitbull huelekea kukamata, na mafunzo humpunguza tu, hayamgeuzi. Kwa shamba linalotembelewa na ngiri mimi namtaka mbwa mwepesi wa kilo 20 hadi 30, miguu mirefu, sauti kubwa, mwenye damu nyingi ya kienyeji. Mzito wa kukamata abaki langoni kwa ajili ya wezi.

Australia na Marekani mbwa wa kukamata huvalishwa ukosi mpana na fulana ngumu ya kuzuia pembe. Hapa kwetu nisingekuhimiza ununue. Ukihitaji fulana, maana yake mbwa wako yuko karibu mno.

Dalili: amejeruhiwa

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo mbwa wanakufa bila ulazima.

Pembe hufanya jeraha la aina mbili. Lile la kupasua, ngozi imefunguka na nyama inaonekana, huogofya, lakini mara nyingi hupona likishonwa mapema. Lile la kutoboa ndilo la hatari. Juu utaona tundu la ukubwa wa kidole na damu kidogo. Ndani, ngozi imeachana na nyama na kuacha mfuko, udongo na manyoya vimeingia humo, na baada ya siku mbili au tatu mfuko umejaa usaha. Mwenye mbwa anasema, "Lilikuwa tundu dogo tu." Tundu dogo lolote la kifuani, tumboni au shingoni ni la daktari, siku hiyohiyo.

Kabla ya kugusa, mfunge mdomo kwa kitambaa kirefu. Mbwa mpole kuliko wote huuma akiwa na maumivu. Usimfunge kama anahema kwa shida au anatapika.

Kisha angalia mambo matatu kwa haraka. Inua mdomo wa juu uone ufizi: unatakiwa kuwa wa waridi. Ubonyeze kwa kidole mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ukikaa mweupe, mbwa anapoteza damu, hata kama huioni nje. Angalia kifua kinavyopanda, pande zote mbili. Halafu pitisha mikono mwili mzima kinyume cha manyoya, hasa kwapani, kwenye kinena na chini ya shingo, maana chotara mwenye manyoya ya German Shepherd huficha tundu vizuri sana.

Damu inayotoka izuie kwa kitambaa safi, ukandamize dakika tano mpaka kumi bila kuchungulia. Ukichungulia unabandua donge lililoanza kuziba. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Jeraha la ngozi tu, lisilotokwa na damu nyingi, lioshe kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi ndani ya nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tumia mengi, yamiminike. Usiweke spiriti, majivu, sukari ya dukani, oili chafu ya gari wala unga wa vidonge. Na tafadhali, usimpe mbwa paracetamol, ibuprofen au diclofenac za nyumbani. Dawa hizo humwumiza ini, figo au tumbo, na daktari atakuta anatibu sumu juu ya jeraha.

Simama, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kujaribu kitu kingine, iwapo:
- kuna tundu kifuani na unasikia hewa ikiingia au kutoka (lifunike kwa karatasi safi ya plastiki na ukandamize kwa mkono njiani);
- utumbo umetoka (usiurudishe; ufunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi);
- ngozi ya shingo au kifua imevimba na inatoa mlio wa kukwaruza ukiibonyeza, dalili ya hewa chini ya ngozi;
- ufizi ni mweupe, au mbwa hawezi kusimama;
- jicho limeguswa, au mguu haukanyagi kabisa.

Usishone mwenyewe, na usimwite fundi wa mtaa ashone. Jeraha chafu likifungwa vizuri nje huoza vizuri ndani. Daktari atalipanua, atalisafisha, na mara nyingi ataacha mrija au tundu la kutolea uchafu. Uliza anayekuhudumia kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Ni swali la kawaida na hakuna atakayelichukia ila asiyesajiliwa. Kwa wasiojua pa kuanzia, Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali ya wanyama katika kampasi yake ya Kabete.

Miiba ya nungunungu nayo ni jeraha. Mmoja au miwili puani inaweza kuchomolewa kwa koleo, ukivuta taratibu kwa mstari ulionyooka. Ikiwa mingi, au iko kooni, machoni au kifuani, mbwa anahitaji kulazwa usingizi. Usiikate ifupike, utashindwa kuishika.

Dalili: anachoka haraka, analala, hataki kukimbia

Anza na kupe. Pekua masikioni ndani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Homa ya kupe ndiyo inayopewa majina mengi kuliko ugonjwa mwingine wa mbwa hapa Nairobi: "uvivu", "amezeeka", "ni damu ya kienyeji". Mbwa anapungua hamu ya kula, ufizi unafifia, macho yanakuwa manjano, na mkojo unaweza kuwa wa rangi ya kahawa au chai ya rangi. Pima joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. La kawaida ni takriban 38.3 hadi 39.2. Likivuka 39.5 mbwa akiwa ametulia kivulini, muone daktari. Mkojo ukiwa mweusi au mwekundu, usingoje asubuhi. Ziko homa za kupe zaidi ya moja, na sindano ya moja haitibu nyingine, kwa hiyo apimwe damu. Usikubali kudungwa kwa kukisia langoni.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu, lakini kuna mtego: watu humwogesha mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, iliyochanganywa kwa macho. Nyingine humletea kutetemeka, kutokwa na mate na kifo. Nunua ya mbwa, kwa uzito wa mbwa, na usome kipimo. Kibanda nacho kinyunyiziwe, maana kupe wa mbwa hutaga kwenye nyufa za mbao na kuta.

Minyoo huja baada ya kupe. Mtoto wa mbwa apewe dawa kila wiki mbili mpaka afike wiki 12, mkubwa kila miezi mitatu. Na ule utumbo wa bucha uchemshwe. Utumbo na mapafu mabichi huwapa mbwa minyoo ambayo mayai yake humwingia binadamu na kuleta uvimbe wa maji kwenye ini.

Kisha joto. Wakazi wa Nairobi hujiamini kwa sababu mji ni wa baridi, lakini mbwa hutengeneza joto lake akikimbia, na uwanda wa Kitengela mwezi wa Februari saa saba mchana si Limuru. Chotara wenye pua fupi huzidiwa upesi. Mbwa anahema kwa nguvu bila kupumzika, ufizi umekuwa mwekundu sana, anayumba: mwingize kivulini, mmwagie maji ya kawaida ya bomba mwili mzima, mpepee, mpe maji ya kunywa kidogokidogo kama ana fahamu. Usimfunike kwa taulo lililolowa ukaliacha juu yake, maana hushika joto. Endelea kumpoza huku gari likitafutwa. Hata akisimama na kutikisa mkia, aende kwa daktari, kwa kuwa figo na damu huharibika saa nyingi baadaye.

Moja isiyosubiri: mbwa mwenye kifua kirefu, chotara wa German Shepherd au Great Dane, aliyekula sana kisha akakimbia, tumbo limevimba kama ngoma, anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Tumbo limejipinda. Una saa chache tu. Nenda.

Dalili: anachechemea

Tazama katikati ya vidole. Udongo mweusi wa Rongai na Kitengela ukinyesha hushika donge gumu na kuvimbisha vidole; ukikauka, nyufa zake huvunja kucha. Mwiba wa mgunga huingia kwenye unyayo na kuvunjikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi dakika kumi, kisha utafute kwa tochi. Chotara mchanga wa German Shepherd au Rottweiler anayeinuka kwa taabu asubuhi na kuruka kama sungura akikimbia huenda ana nyonga mbovu. Huyo apigwe picha ya eksirei kabla hujamlaumu, na asizalishwe.

Dalili: anawakimbiza mbuzi wa jirani

Sababu karibu zote ni moja: hakuwazoea utotoni. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 mtoto wa mbwa hujifunza nani ni wa nyumbani. Apelekwe kwa mbuzi, kuku na watoto akiwa na umri huo, kwa kamba. Mkubwa aliyekwisha kuonja damu ya mbuzi ni kazi ya mkufunzi, na mpaka hapo afungwe. Jirani ana haki ya kulipwa.

Dalili: ameleta mzoga nyumbani

Usile, usiuze, usiwagawie mbwa wengine. Nyama ya mnyamapori ni kosa kisheria hata kama mbwa ndiye aliyeileta, na nyama mbichi ya nguruwe wa mwituni inaweza kubeba trikinela, minyoo midogo inayokaa kwenye misuli. Kwa jirani anayefuga nguruwe ni balaa zaidi. Ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza kutoka hapa Kenya mwaka 1921. Haumshiki mtu wala mbwa, lakini huua nguruwe wa kufugwa, na kipande cha mzoga kikifika kwenye banda la nguruwe kinatosha. Wapigie Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na umwoshe mbwa kabla hajakaribia banda lolote.

Dalili: mbwa shujaa amekataa kutoka nje usiku

Amejikunja mlangoni, analia kwa sauti ya chini, nywele za mgongo zimesimama, hataki hata kufuata chakula kizani. Usimsukume nje na usimwite mwoga. Karen, Lang'ata na Rongai wana chui, na chui hupenda nyama ya mbwa kuliko ngiri anavyopenda viazi vyako. Fisi hupita, na simba wa hifadhi wameonekana barabarani zaidi ya mara moja. Mwingize ndani, funga, washa taa za nje, angalia nyayo asubuhi. Ukiona nyayo pana zisizo na alama za kucha, piga simu kwa shirika la wanyamapori na uwaambie majirani wenye watoto wanaotembea kwenda shule. Kibanda cha usiku kiwe na paa na wavu pande zote.

Dalili: tabia imebadilika na huelewi kwa nini

Mpole amekuwa mkali, au mkali amekuwa mnyonge ajabu. Sauti imekwaruza, mate yanatoka, anashindwa kumeza, anauma mawe na hewa. Usimfungue mdomo kutafuta mfupa uliokwama. Kichaa cha mbwa hakina tiba dalili zikishaanza, kwa mbwa wala kwa mtu. Mfungie mahali asipotoka, usimguse, mwite daktari wa mifugo au ofisi ya mifugo ya kaunti.

Aliyeumwa, au aliyelambwa kwenye mchubuko, aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo kuanza chanjo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa. Mbwa aliyemuuma mtu na anaonekana mzima afungiwe na kuangaliwa siku 10, asiuawe. Mbwa wako akipambana na mnyama yeyote wa porini, hata kama ana cheti cha chanjo cha mwaka huu, apelekwe kupata chanjo ya kuongezea mapema iwezekanavyo, na cheti kiandikwe tarehe mpya.